Maji ya Chinduli

Mwanangu Laurenti,

Mama yako amekwisha kukufungia blanketi, muhogo mkavu na chumvi, na najua amekuonya mara nyingi kuliko ulivyopenda usinywe maji ya mji kabla hujauliza yametoka wapi. Mambo ya safari nimemwachia yeye. Ameyaweza siku zote kuliko mimi. Nililonalo mimi ni moja tu, nalo lilistahili kusemwa kwa mdomo. Jioni nilijaribu. Ulikuwa umekaa kizingitini ukiupaka mafuta ule mpira wa ngozi, nikakuita, ukaitika, nami nikakuuliza kama umekula. Ndiyo sababu naandika.

Kesho asubuhi lori litawachukua uwanjani. Mtashuka Masasi, mtafika Lindi, na huko meli itawapeleka Dar es Salaam kucheza kombe la nchi nzima. Sijapata kuona jambo kama hili. Watu wa zamani zangu walipoondoka hapa kwa makundi, walikuwa wamefungwa kamba, au wamebebeshwa mizigo ya vita. Ninyi mtaondoka mkiimba.

Nawe unakwenda kama golikipa. Nafasi hiyo si yako, mwanangu. Ni ya Chinduli. Nalisema mapema usije ukadhani nalificha nyuma ya hadithi. Kwamba yeye ni hodari kuliko wewe unalijua, umelisema mwenyewe hapa nyumbani bila kijicho. Kwamba aliachwa kwa sababu hakutoka jandoni, hilo nalo umelisikia. Usilolijua ni kwamba hakutoka kwa sababu yangu, na kwamba nilikuwa na uwezo wa kusema hivyo siku ya uchaguzi, nikakaa kimya ili uende wewe.

Unaikumbuka siku ile ya Masasi, tulipocheza nao ili wachaguliwe wachezaji wa kuungana na wa Lindi. Mimi nilikaa na walimu chini ya ule mlima wa jiwe, kwenye kivuli. Wewe ulikuwa nyuma ya goli umeshika kofia ya Chinduli. Wenyeji walimwandama tangu filimbi ya kwanza.

“We mwari! Rudi kambini ukamalize jando!”

“Nikirudi,” aliwajibu bila kugeuka, “nani atabaki kuwafuta machozi?”

Refa akawapa penalti. Yule fundi cherehani wao mwenye miguu ya tao akarudi nyuma karibu afike Lukuledi, akaja mbio, akapiga. Chinduli akaudaka, akabaki amelala nao kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni. Hata Masasi walipiga makofi. Mimi nilisimama kwa fimbo yangu nikapiga kelele mpaka kikohozi kikanikalisha.

Halafu jioni wakatupikia ugali wa mtama na mbuzi. Wewe ulikuwa umekwenda kuoga, hukuona nililoliona. Chinduli alikuja akachutama anawe pamoja na wenzake. Mzee mmoja wa Masasi akalivuta bakuli la maji upande wake, taratibu, kwa upole kabisa.

“Samahani, mwanangu. Hapa wanakula wanaume.”

Chinduli aliinuka akaenda jikoni kula na watoto. Baada ya muda tukamsikia: “Mnadhani mmenionea? Huku ndiko kwenye ukoko!” Watoto wakacheka, sisi tukacheka. Katika kicheko chote kile, changu ndicho kilichokuwa kikubwa. Nimekuwa nikikisikia tangu siku ile.

Sasa nikurudishe nyuma, mwaka ambao vita ya Wajerumani na Waingereza ilipanda milima yetu. Ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako. Tulikuwa na wavulana likumbini, kambi ya jando, mbali na nyumba kama desturi ilivyo. Misheni ilikubali jando liendelee mradi kuwe na mwalimu Mkristo, na mwalimu huyo nikawa mimi. Nilikuwa kungwi wao. Niliwafundisha, niliwatibu, nililala nao. Vidonda vilikuwa vimepona. Kilichobaki ni kuwaogesha tu. Nawe uliogeshwa, unajua: mwari huoshwa, kibanda cha likumbi huchomwa, mjomba wake humpa jina jipya mbele ya watu, na lile la utotoni likafa. Asiyeoshwa hajatoka, hata kibanda kikiwa majivu.

Na hapa Newala, maji yako chini bondeni. Siku zote huyachota wanawake, wakishuka na kupanda mlima asubuhi nzima kwa ajili ya mtungi mmoja. Lakini maji ya likumbi mwanamke hayagusi. Nikaenda mimi, na kibuyu kikubwa.

Mjomba wa Chinduli alinisindikiza hadi mwanzo wa mteremko. Hukumjua. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mbuzi wa kijiji cha pili. Siku ile akasema kwa sauti ndogo.

“Mwalimu, siku hizi mtu halali akajua ataamkia wapi. Wakinichukua, mpe wewe jina.”

Akanitajia jina alilokuwa amemwekea mpwa wake.

“Acha mkosi,” nikamwambia. “Utampa mwenyewe.”

“Basi lishike tu. Halina uzito.”

Tukacheka, nikashuka.

Nilikuwa nimekwisha kujaza kibuyu, nimefika katikati ya mlima, niliposikia mayowe juu, kisha chini. Askari walikuwa wanakamata wapagazi. Walitujua vizuri watu wa Newala. Hawakuhangaika kutusaka porini. Waligawanyika, wengine wakaenda nyumba kwa nyumba, wengine wakakaa kisimani, wakingoja kiu iwaletee watu. Nikaingia kwenye pango dogo kando ya njia, nikavuta matawi mlangoni. Nilikuwa nimewaona waliorudi katika safari za kwanza za mizigo, wachache, mabega yameoza. Niliogopa, Laurenti. Sina neno zuri zaidi la kuliita jambo hilo.

Siku ya kwanza sikuyagusa yale maji. Naomba uniamini. Siku ya pili nililowesha midomo, nikajiambia wavulana hawataona tofauti. Baada ya hapo sikujiambia kitu, nilikunywa tu.

Nilipopanda, kibuyu kilikuwa kinaning'inia chepesi. Likumbi lilikuwa majivu. Mama zao walikuwa wamewatorosha wavulana gizani na askari wamewasha moto. Mjomba wa Chinduli alikuwa amechukuliwa. Wazee waliokuwa wamebaki wakaniuliza maji yako wapi. Nikasema askari waliyamwaga. Wakanipa pole. Mama mmoja alinipa uji, nikaupokea, nikaunywa pia.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Nami niliwaacha waseme hivyo, wazee kwa vijana, wakinifariji. Lakini maji yale hayakumwagika.

Vita ilipopita, kila ukoo ulimwogesha mtoto wake kimyakimya, mjomba akampa jina, mambo yakaisha. Mama yake Chinduli alisema anamngoja kaka yake arudi. Ukoo wao haukuwa na mwanamume mwingine. Alingoja mpaka akafa. Siku ya mazishi Chinduli alikuwa kijana mwenye ndevu, na hakuruhusiwa kushika jembe. Alisimama na watoto, wengine wakamchimbia mama yake kaburi. Mimi niliongoza sala. Nilimwona akizikunja na kuzikunjua zile kanga za mama yake, kwa kuwa mikono haikuwa na kazi nyingine.

Alitaka kuoa binti wa kijiji cha Chiungutwa. Wazazi wa binti wakamwuliza jina lake la jandoni.

Utaniuliza kwa nini sikumwita nikamaliza. Nilikuwa kungwi, nilikuwa nimekabidhiwa, nilikuwa nalo jina. Ingechukua asubuhi moja. Kila baada ya mavuno nilisema mwaka huu. Lakini watu wangeuliza jina nimelitoa wapi, na kama nilikuwa nalo nilikuwa nangoja nini, na kama nilikuwa nangoja, ile siku ya askari ilikuwaje hasa. Ule uongo mdogo ulikaa mlangoni kama mbwa. Nilipokaa ndani ulilala. Kila nilipotaka kutoka uliinua kichwa.

Nilifanya nilichoweza kukifanya bila kutoka. Nilimfundisha kusoma bila ada. Nilimpa shati. Nilipoona anadaka vitu, maembe, mawe, chochote watoto walichomrushia kwa kejeli, nilimwita uwanjani nikamsimamisha golini. Watu wakasema Mwalimu ana moyo. Usidanganywe na mtu anayetoa sana, mwanangu, hata akiwa baba yako. Mtazame kwanza anazunguka akikwepa nini.

Basi ikaja siku ya uchaguzi. Ulikuwa nje na wenzako, mmeganda kwenye ukuta wa darasa mkitega masikio, lakini mlango tulikuwa tumeufunga. Nikuambie ilivyokuwa. Tulipofika kwa golikipa, kila mtu alisema Chinduli. Kisha mjomba wako Matiya akakohoa. Unajua anavyokupenda, wewe ni mpwa wake, na kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba.

“Hodari, nakubali,” akasema. “Lakini melini watalala chumba kimoja siku nyingi. Watakula sinia moja. Wachezaji wa Masasi wamo, na wamekwisha kusema. Tutampelekaje mtu asiye na jina?”

“Mpira hauulizi jina,” mwalimu mmoja kijana akasema.

“Mpira hauli ugali,” Matiya akamjibu, watu wakacheka. Kisha akanigeukia mimi. “Shemeji, wewe ndiwe uliyekuwa kungwi wa likumbi lile. Tuambie, huyu alitoka?”

Ningeweza kusema: hakutoka, na kosa ni langu, na jina lake ninalo hapa kifuani. Nililiona neno hilo lote likiwa zima mbele yangu. Na nje, kupitia ufa wa dirisha, niliona bega lako. Nilijua kwamba baada ya Chinduli anayefuata ni wewe.

“Hakutoka,” nikasema.

Angalia lilivyo safi. Hakuna hakimu ambaye angeweza kuniita mwongo. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba uongo ni kusema lisilokuwepo, na siku ile nikajifunza kwamba uongo wangu mkubwa kuliko wote ulikuwa na kila neno lake la kweli. Halafu Matiya akatoka, akasoma majina, nawe ukaja mbio mpaka ukanikumbatia na fimbo yangu: “Baba, jina langu limesomwa!” Nikafurahi. Sitakudanganya hata hapa. Nilifurahi kwa muda mrefu kidogo.

Hutakumbuka, lakini Chinduli alikuwa amesimama nyuma yako. Ndiye aliyekubeba mabegani.

Na leo alasiri amekuja. Ulikuwepo, ulimsikia. “Shikamoo, Mwalimu. Kikohozi bado kinakunyima usingizi?” Ameniletea mizizi ya kuchemsha. Kisha akakupa kofia yake, ile iliyofifia. Ulipokataa akasema, “Chukua bwana. Isipofika Dar es Salaam kwenye kichwa changu, ifike kwenye chako. Na wale wa mjini wakikufunga, sema ulikuwa unasinzia. Newala haijafungwa ikiwa macho.” Mlicheka nyote wawili. Mimi niliomba radhi nikaingia ndani, nikasema ni kikohozi.

Jana uliniuliza nilikokwenda, ukaniona na vumbi magotini, ukanikaripia kama vile mimi ndiye mtoto. Jibu ni kwamba nilikuwa nimeshuka kisimani.

Nilitoka wakati mama yako yuko kanisani, maana angenifunga kwenye kitanda. Njiani nilikutana na wanawake wanapanda, mitungi vichwani.

“Mwalimu, unakwenda wapi na kibuyu? Mkeo amekufukuza?”

“Amenituma maji.”

“Hee! Makubwa! Basi tupe tukuchotee, baba yetu, utafia huko.”

“Haya nayachota mwenyewe.”

Yule mkubwa wao, bibi wa nyumba ya pili, aliacha kucheka. Alikitazama kibuyu, akanitazama mimi. Alikuwa na mtoto katika likumbi lile. Kisha aliwaambia wenzake wanipishe.

Kushuka si kazi. Kupanda nilipanda kama mdudu. Nilianguka mara mbili, mara ya pili nikaangukia mgongo ili kibuyu kisipasuke. Nilipofika kwenye lile pango nililazimika kuingia, kwa kuwa pumzi zilikuwa zimekwisha. Ni dogo kuliko nilivyolikumbuka. Nikakaa, kibuyu kati ya miguu, koo limekauka kama majani ya dari. Sikukunywa. Si ushujaa, mwanangu. Mtu wa umri wangu kukaa na kiu saa chache si kitu. Nakuambia tu ili ujue kwamba safari hii yamefika.

Sasa nifikie lile ninalokuomba, nalo si amri. Ningeweza kungoja. Nilifikiri hivyo kwa dhati. Ningengoja lori lishuke mlima, wewe ukiwa ndani, ndipo nimwite Chinduli na wazee, niseme yote. Moyo wangu ungetulia na nafasi yako ingebaki. Nililipenda sana wazo hilo. Lilifanana kabisa na yale ya miaka yote.

Kwa hiyo nitasema kesho, uwanjani, kabla lori halijaondoka, mbele ya timu na mbele ya Matiya. Nitasema niliyanywa. Kisha, Chinduli akiniruhusu, nitamwosha hapo hapo na kumpa jina lake. Hatakuwa na sababu tena ya kukaa jikoni. Baada ya hapo wakubwa wa timu wataamua. Huenda wakasema apande yeye, wewe ushuke. Huenda wakawachukua nyote wawili, sijui lori lina nafasi gani wala mioyo yao. Huenda Chinduli mwenyewe akakataa kuguswa na mikono yangu, na atakuwa na haki, nami nitalitaja jina na kurudi nyumbani.

Najua ninachokufanyia. Mara ya kwanza nilimchukulia mtoto wa mwenzangu kilicho chake, sasa namchukulia mtoto wangu alichokwisha kupewa. Huna kosa lolote, na wewe ndiwe utakayelipa. Nimejaribu kutafuta namna ya kuungama ambayo ingenigharimu mimi peke yangu, sikuipata. Labda ilikuwepo zamani, nilipokuwa na nguvu.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Mimi mwenyewe baba yangu sikuwahi kumkasirikia hata siku moja, nikamwogopa mpaka akafa, na pengine ndiko nilikojifunza kuogopa. Wewe una hasira ya haraka inayokwisha. Niliikemea sana ulipokuwa mdogo. Nakuomba radhi kwa hilo pia, ilikuwa kitu kizuri.

Jina lake sitaliandika hapa. Limekaa kwangu muda mrefu mno. Sikio la kwanza kulisikia liwe lake.

Kibuyu kiko nyuma ya mlango, nimekifunika kwa kawa. Mikono yangu inatetemeka, siwezi kukifikisha uwanjani bila kumwaga, nami sitaki ule uongo wa kumwagika upate ukweli kesho. Ukikibeba, tutakwenda pamoja, polepole. Ukikipita ukaenda kupanda lori, sitakuita nyuma. Nitamwomba yule bibi jirani aniitie mwanawe akibebe.

Utaamka na kiu, kama kila siku. Maji ya kunywa mama yako ameyaweka mtungini, upande wa jiko. Haya ya mlangoni usiyanywe.

Baba yako